Rediasi na aksisi: maneno mawili yaliyotoka kwenye gurudumu

Wadogo zangu mnaoanza anatomia, neno litakalowasumbua si lile mnalokutana nalo mara ya kwanza. Ni lile mnalodhani mnalijua tangu sekondari.

Rediasi, kwa mfano. Kwenye hesabu ni nusu kipenyo, yaani umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni. Ni kipimo tu. Ukiingia chumba cha anatomia, rediasi ni mfupa wa kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Mimi nilizikariri maana hizo mbili kama vitu visivyojuana, na kwenye mtihani wa vitendo nikaliandika jina hilo kwenye ulna, mfupa mwenzake wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho. Iliniuma, maana nilikuwa nimesoma kweli.

Kilichonifungua macho ni Kilatini. Radius ni spoku ya gurudumu. Wanahisabati wakachukua urefu wa spoku, wanaanatomia wakachukua umbo lake. Tena mfupa huu unazunguka: kichwa chake, pale kwenye kiwiko, ni mviringo kama kisahani, nacho kimeshikwa na kano iliyokizingira mfano wa pete. Jaribuni sasa hivi. Wekeni mkono mezani, kiganja kikitazama juu: rediasi na ulna zimelala sambamba. Geuzeni kiganja chini: rediasi imeivuka ulna, lakini mwisho wake bado uko upande wa gumba. Kwa hiyo msiitafute kwa kulia na kushoto, fuateni gumba. Hapohapo, juu kidogo ya kifundo cha mkono, ndipo mtakapohesabu mapigo ya mgonjwa kwenye ateri ya rediasi.

Neno la pili, aksisi, nalo limetoka kwenye gurudumu: maana yake ya kale ni ekseli. Kwenye grafu tunaiita mhimili. Mwilini ni pingili ya pili ya shingo. Pingili ya kwanza, atlasi, ni pete iliyobeba fuvu. Aksisi imechomoza kijiti kinachoitwa jino, na atlasi hukizunguka unapotikisa kichwa kukataa. Unapoinamisha kichwa kukubali, kazi kubwa iko juu zaidi, kati ya fuvu na atlasi. Sijawahi kuona jina la mfupa linaloeleza kazi yake vizuri kuliko hili.

Lakini tahadharini hapa, ndipo nimewaona wengi wakianguka. Mwalimu anauliza: kigasha huzunguka kwenye aksisi gani? Mmoja anaandika pingili ya shingo, mwingine anaandika mfupa wa rediasi. Jibu si mfupa wowote. Ni mstari wa kufikirika unaoanzia kichwa cha rediasi kwenye kiwiko na kushuka kimshazari hadi ncha ya chini ya ulna. Maana ya hesabu haikubaki darasani kwake, imewafuata hadi kwenye anatomia. Kila mnapoliona neno la namna hii kwenye swali, jiulizeni kwanza: naulizwa kitu ninachoweza kukishika, au mstari na kipimo?

Na mkipewa mifupa, msikimbilie kitabu. Chukueni rediasi, tafuteni kile kisahani kwa kidole, kiwekeni kwenye kidaka chake kidogo ubavuni mwa ulna, kisha kizungusheni taratibu mkitazama ncha ya pili inakwenda wapi.