Nyumba yetu inahesabu siku kumi kumi

Mhariri, asalaam alaykum, wewe na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmetuuliza: "Nyumbani kwako unajuaje kwamba msimu umegeuka, na unabadilisha nini?" Nimelisoma swali hili barazani, nikalirudia jikoni, nikaona jibu langu halitoshi kwenye mistari mitatu. Nivumilieni.

Mimi najua kwa hamira.

Naishi Fuoni, Unguja. Nimesomesha skuli miaka 31, nikastaafu mwaka 2021. Kila baada ya siku 10 naoka mkate mmoja wa kumimina, na vipimo vyangu ni vile vile mwaka mzima: vikombe 2 vya mchele uliolala kwenye maji usiku kucha, kikombe kimoja na nusu cha tui la kwanza, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, ute wa yai moja na hiliki za kutwanga. Kinachobadilika ni saa. Januari, upepo wa kaskazi ukishashika, rojo linaumuka kwa nusu saa tu, na nikienda kusali alasiri nikaongea na jirani njiani, nakuta limeshaanza kuchacha. Julai, kipupwe, upepo wa kusi unaingia kwa dirisha la jikoni, rojo lile lile linakaa saa nzima na zaidi, nalifunika kwa kanga mbili kama mtoto mwenye homa. Siku linaponikawiza kwa mara ya kwanza, huwa sina haja ya kuuliza. Masika imekwisha.

Mtauliza kwa nini siku 10, wala si kila Ijumaa. Hapo lazima nimtaje babu yangu, mzaa mama, mtu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja.

Wengi mnaijua sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika kule mwezi wa Julai, watu wakipigana kwa migomba na kibanda cha makuti kikichomwa moto. Wageni wanakuja kupiga picha. Lakini kwa babu siku ile haikuwa tamasha, ilikuwa siku ya kwanza ya hesabu. Ni Nairuzi, jina lililotoka Uajemi, na mwaka wake ni wa jua, siku 365, zinazogawanywa kumi kumi. Kila kumi ni mwongo. Siku hizi mtu akisikia neno hilo anafikiria miaka 10, lakini kwa wakulima na wavuvi wa pwani mwongo ulikuwa siku 10, na ndiyo iliyokuwa saa yao. Kila mmoja unaitwa kwa siku yake ya mwisho: mwongo wa ishirini, mwongo wa mia, mwongo wa mia mbili. Kwa hesabu ile walijua upepo utageuka lini, lini mbegu ifukiwe, lini chombo kivutwe pwani. Ukifika miongo 36 zimebaki siku 5, kisha mwaka unakogwa upya.

Babu alikuwa akichora kwa kipande cha kaa ukutani nyuma ya mlango wa jiko. Mstari mmoja kila alfajiri, na wa kumi anaulaza juu ya ile tisa. Sisi watoto tulikatazwa kuegemea pale. Alipofariki ukuta ukapigwa chokaa, na hesabu ikazimika hivyo hivyo, hakuna aliyekataa wala aliyelia kwa ajili yake.

Mimi nilikua na kalenda ya muhula na ya mshahara. Sizilaumu, zimenisomeshea watoto wanne. Lakini nilipostaafu nikaona uwa wa nyumba upo wazi, nikataka kulima, nikalima kwa kichwa cha mwalimu. Mwaka ule wa kwanza, Aprili, nikanunua mbegu za tungule, yaani nyanya, nikaotesha, nikapandikiza, nikafurahi mvua inanisaidia kumwagilia. Masika haimsaidii mtu wa tungule. Majani yakaanza madoa meusi, shina likaoza kutoka chini, na matunda machache yaliyotoka yakapasuka kwa maji. Nilikaa pale uwani na jembe la mkono nikiwa na uchungu wa kweli. Mama yangu, wakati huo yu hai bado lakini macho yameshapungua, alikuwa kwenye kitanda cha kamba akisikiliza nikinung'unika. Akaniuliza, "Umepanda mwongo gani?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Baba angekuuliza hivyo," akanyamaza.

Alituacha kipupwe kilichofuata. Vyombo vyake nilivyopewa ni seredani moja ya makaa, sufuria nzito ya mkate na mbuzi ya nazi iliyolegea mguu. Baada ya arobaini yake nikanunua daftari la mistari, nikaanza kuhesabu kutoka siku watu wa Makunduchi walipokoga mwaka. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka tu, mtu akiniuliza tena, niwe na jibu.

Ndiyo nyumba yetu inavyokwenda tangu wakati huo. Siku 9 ni za kazi ya kawaida, ya 10 tunaoka na kuandika. Wengine wanaoishi hapa ni mke wa mwanangu na mjukuu wangu wa miaka 9, mwanangu mwenyewe yupo safarini mara nyingi.

Bustani ni ndogo. Chini ni mawe, udongo hauzidi kina cha kiganja, kwa hiyo nimejaza matairi na ndoo za rangi zilizotoboka. Humo naweka udongo, mboji ya maganda ya ndizi na makapi ya jikoni, na makumbi yaliyooza chini ili maji yasikimbie. Mchicha naumwaga wakati wowote isipokuwa mvua kubwa, na mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo nazichanganya na mchanga mkavu kwanza ndipo zisirundikane mahali pamoja. Wiki 3 au 4 tunachuma. Masika ikiingia, Machi, naacha mchicha, nachomeka marando ya viazi kila penye nafasi, maana matembele yanapenda mvua ile ile inayoua tungule. Muhogo nao nachomeka wakati huo huo, pembezoni. Mei mwishoni naotesha tungule kwenye kitalu chini ya makuti, Juni nazihamisha, na kipupwe kinazilea: mchana hakuna joto la kuangusha maua, na zile mvua nyepesi za mchoo zikija zinapita tu. Agosti na Septemba tunakula tungule zetu wenyewe. Miezi mingine nanunua sokoni Mwanakwerekwe zilizovushwa kutoka Bara, na nikikosa natumia ukwaju au embe mbichi kwenye mchuzi. Mke wa mwanangu alikuwa akilalamika mwanzoni. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha kwamba mchuzi wa Desemba una embe.

Januari na Februari bustani inalala, na mimi nimejifunza kuiacha ilale. Maji ni ya shida, jua ni kali, nalinda vitu viwili tu: mrehani na msumini. Maji ya kuoshea mchele yote ni yao. Siwezi kukaa nyumba isiyo na asumini ya kuweka kwenye kanga jioni, na hilo silitolei sababu.

Sasa nije kwenye mkate, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Mwanangu amenunua jiko la gesi na napikia chakula cha kila siku, lakini mkate wa mwongo unaokwa kwenye seredani ya mama. Mchele unasagwa na tui mpaka ukichovya vidole na kuvisugua usisikie chembe. Mchele mpya, ule wa mavuno ya baada ya masika, una maji yake ndani, kwa hiyo tui napunguza. Nisipopunguza mkate unakuwa mzito kama kitumbua kibichi. Rojo likishaumuka halikorogwi tena kwa nguvu, mtu anayelipiga wakati huo anaua vitundu vyote. Sufuria inapakwa mafuta na kupashwa moto kwanza. Unamimina, na pembeni unasikia *shhh*, sauti ndogo ya ukingo kushika. Hapo moto wa chini unapunguzwa, unaachwa makaa matatu manne. Unafunika kwa sinia, na makaa mengine yote unayapanga juu ya sinia. Moto mchache chini, mwingi juu, ndiyo siri yote, na mama alikuwa akipima kwa kuweka kiganja juu ya sinia bila kugusa. Akiweza kuhesabu mpaka 5, bado. Akiondoa mkono kwenye 3, sawa.

Masika makaa yanakunywa unyevu, yanarusha cheche na kulia. Yule mjukuu wangu ananiambia, "Bibi, makaa yana mafua." Siku hizo gunia tunalileta ndani siku mbili kabla. Kipupwe makaa yanashika haraka kwa upepo na unaweza kuunguza uso wa mkate kabla kati hakujaiva, kwa hiyo tunasogea nyuma ya ukuta. Hayo yote sikuyajua nilipokuwa nikinunua mkate dukani. Nilikula msimu mmoja miaka 31.

Mkate ukishatoka, ukiacha kingo na kunukia hiliki mpaka barazani, hatuukati mara moja. Kwanza daftari. Tunakaa jamvini, kila mmoja anasema kitu kimoja alichokiona katika siku 10 zile. Si lazima kiwe kizuri. Mimi naandika, mstari mmoja kwa mtu. Nawanukulia michache, kwa ruhusa yao:

Mwongo wa arobaini: "Tungule ya kwanza. Nimempa jirani, kwa sababu mama angempa."

Mwongo wa mia na themanini: "Kisima cha jirani kimekauka. Tumegawana ndoo."

Mwongo wa mia tatu, ule wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na upepo ukatupiga hata sisi: "Mpapai umelala. Hatukuoka. Tuko wazima sote."

Ukifungua kurasa za mwaka mmoja na mwingine, mwongo kwa mwongo, unaona vitu ambavyo kichwa hakiwezi kushika. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño ikamwaga kama masika, na nimeandika hivyo. Sasa nikisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza utabiri wa msimu, nafungua daftari, nalinganisha, ndipo naamua nipande nini. Babu hakuwa na redio, ila naamini angeiwasha na kuendelea kuchora ukutani.

Kuna jambo moja lilinitatiza. Mwaka wa jua ni siku 365, wa mwezi mwandamo ni kama 354, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, yaani karibu mwongo mmoja kamili. Mwaka 2024 tulifunga masika ikiingia, futari yetu ilikuwa muhogo wa nazi na matembele. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba, na Mwenyezi Mungu akinijaalia uhai nitafuturu kwa embe. Mwanzoni niliona hesabu hizi mbili zinagombana. Sasa naona mwezi mtukufu unatembelea misimu yote, mmoja mmoja, kama mgeni anayezunguka nyumba za ukoo asimwache mtu. Kila ninapoandika tarehe mbili juu ya ukurasa mmoja, ya Hijria na ya mwongo, natulia kidogo pale.

Najua kuna dada atakayesoma akasema, mimi naishi chumba kimoja ghorofani Dar es Salaam, narudi kazini saa 2 usiku, uwa sina wala seredani sina. Dada yangu, nilikuwa wewe. Chukua ndoo moja tu, panda mrehani, uweke dirishani. Utajua kaskazi imeingia kwa jinsi unavyotaka maji mara mbili kwa siku, na utajua kusi kwa upande majani yanaolalia. Mkate oka kwenye sufuria juu ya jiko lolote, ukigeuza kwa sahani, rangi ya juu haitakuwa ile ya makaa lakini vitundu utavipata. Na daftari ni bei ya soda.

Na kuhusu sehemu ya pili ya swali lenu, nabadilisha nini. Nabadilisha saa ya kuumua, tui, mahali pa seredani, kilichomo kwenye matairi na kilichomo kwenye mchuzi. Mengine nayaacha.

Leo tunaingia siku ya mwisho ya mwongo wa mia na thelathini. Vuli imenyesha usiku, embe za jirani zimeanza kuanguka juu ya bati letu, na kunde nilizofukia siku 4 zilizopita zimeanza kuinua udongo. Mjukuu wangu ameamka kabla yangu kwenda kuzihesabu, akaandika mwenyewe daftarini, kwa mkono wake, bila kunisubiri: "Kunde 11. Moja bado ina kofia."