Imechukuliwa na nani, ikapelekwa wapi?

*Shikamoo Mwalimu. Katika jarida la shule yetu tumeweka ile picha maarufu ya askari wa Marekani wakitoka botini kule Normandy, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Pili. Chini tumeandika: "Wanajeshi wakitua ufukwe wa Omaha, 6 Juni 1944. Picha imechukuliwa na Robert F. Sargent." Mwenzangu anapinga "wakitua". Nani kapatia? – Msomaji, Tanga*

Marahaba. Kapatia mwenzako. Ndege hutua, jua hutua, na mwenye mzigo kichwani huutua. Askari wa miavuli walioshushwa usiku ule nyuma ya pwani, wale walitua. Hawa wa Sargent wamo majini hadi kiunoni, mizigo ingali mgongoni. Hakuna aliyetua kitu. Andika "wakishuka". Na "ufukwe" sina ugomvi nao, ingawa "pwani" ingeninogea zaidi: imetokana na kupwa, na askari wa kwanza asubuhi ile walifika maji yakiwa yamepwa, ili vizuizi vya Wajerumani vionekane.

Sasa tuje kwenye usiloliuliza. "Picha imechukuliwa"! Nyumbani kwa marehemu mama, sebuleni, palikuwa na picha ya babu. Siku moja nikakuta msumari mtupu na mraba mweupe ukutani. Nikauliza, nikaambiwa, "Imechukuliwa." Baba mdogo ndiye aliyeichukua, na hadi anazikwa hakuirudisha. Hiyo, ndugu yangu, ndiyo picha iliyochukuliwa. Ya Sargent ilipigwa.

Tena siku hiyohiyo, ufukwe uleule, alikuwapo Robert Capa. Alipiga picha huku risasi zikimpitia, kisha filamu zake zikachukuliwa hadi London, na jarida la Life likazitoa katika toleo la 19 Juni. Unaona vitenzi vyote viwili vilivyopata kazi, kila kimoja yake? Kwa mtindo wenu Capa alichukua picha, halafu picha zikachukuliwa, na msomaji abaki akitafuta mwizi.

Mhariri mmoja aliwahi kunitetea uchafu huu: eti chini ya picha ya vita, "imepigwa" italeta mkanganyiko na risasi. Mkanganyiko gani? Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, na sijasikia meno yakienda polisi. Studio za mtaani zina mpiga picha. Mchukua picha sijamwona, labda baba mdogo.

Najua ninakopoteza. Redioni wanachukua, magazetini wanachukua, hata maharusi siku hizi wanachukuliwa. Jana mjukuu wangu kanikabidhi simu: "Babu, nichukue picha." Nikampiga tatu. Akazitazama, akanirudishia simu: zote zimetikisika. Nikamwambia hata za Capa zilitikisika, na Life ikazitoa. Hakucheka.