Utafiti umethibitisha? Thubutu!

Msomaji wa Kisauni kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Kwenye grupu yetu ya WhatsApp iliingia habari ya ule utafiti wa Kwale wa dawa ya ivermectin na malaria. Mmoja kaandika 'tafiti imethibitisha ivermectin inamaliza malaria', mwengine kamrekebisha kwamba ni 'utafiti umethibitisha', wakagombana mpaka admin akafunga grupu. Nani alikua sawa?"

Marahaba. Jibu fupi ni huyo wa pili. Utafiti mmoja umeonyesha, tafiti nyingi zimeonyesha, basi. Hiyo "tafiti imefanywa" naisikia redioni kila uchao na nishachoka kuipigia kelele, anaetaka kwenda nayo aende nayo.

Lakini hawa mabwana wawili wamenyang'anyana hiyo u mpaka grupu ikafungwa, alafu "thibitisha" wakaiacha ipite salama salimini, na hiyo ndo yenye balaa. Thibitisha ni neno zito jamani. Asili yake Kiarabu, thabata, kusimama imara, na ndugu zake mnawajua, thabiti na ithibati. Kitu kikishathibitishwa mjadala umekwisha. Tazama Ramadhani ikifika ukingoni, mtu atapiga simu kutoka Lamu ati kauona mwezi, mwengine Vanga nae kauona, na bado hakuna anaeinjika biriani ya idi kwa hizo simu, twangoja ithibati, Kadhi atangaze (na hata hapo kuna watakaobisha, lakini hiyo mada siigusi, mimi naishi na majirani). Sasa watu hao hao ukiwatumia meseji ya "wanasayansi wamethibitisha mdalasini unaponya sukari" hawangoji Kadhi wala Naibu wake, washaisambaza kwa shangazi zao wote.

Haya, Kwale walisema nini? Ule utafiti ulichapishwa Julai 2025 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Watu walipewa ivermectin, dawa inayojulikana tangu zamani kwa matende na upele, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, kuanzia msimu wa vuli. Hesabu yenyewe ni kwamba mbu akimnyonya mtu alieimeza, anakunywa damu yenye dawa, anakufa. Wenzao wa upande wa pili wakapewa albendazole, ile ya minyoo, ili kuwe na cha kulinganisha. Wakapima watoto wa miaka 5 mpaka 15, na kule kwenye ivermectin maambukizi mapya ya malaria yakawa yamepungua kwa asilimia 26. Ishirini na sita! Ni jambo kubwa, tena limefanyika hapo tu ukivuka feri ya Likoni ukashika njia, mimi nalifurahia. Lakini asilimia 26 kwa hesabu ya shule gani ndo "inamaliza"? Na mbona grupu haikusema dawa hii ni nyongeza juu ya neti? Mtu akisoma "imethibitisha inamaliza" ataivua neti aifanye pazia la chooni.

Na uzuri ni kwamba ivermectin hii hii wakati wa korona "ilithibitishwa" na kila mwenye bando. Alafu 2022 Brazil wakatoa matokeo ya jaribio kubwa, wagonjwa zaidi ya 1,300, nusu wamepewa dawa na nusu kidonge kisicho na kitu, na waliopewa dawa hawakupungukiwa na kulazwa hospitali. Ikathibitika nini basi? Midomo.

Saikolojia ndo usiseme. Mwaka 2015 kundi la watafiti liliamua kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha chapishwa, moja moja. Zile za mwanzo karibu zote, asilimia 97, zilidai zimepata matokeo ya maana, yaani yasiyoelekea kuwa bahati tu, ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizotoa matokeo ya maana tena. Yaani vichwa vyote vya "saikolojia yathibitisha" unavyovisoma kinyozi ukingoja zamu, vipe nafasi ya kurudiwa kwanza.

Wanaojua adabu ya neno ni watu wa fizikia. Septemba 2011 watafiti wa mradi wa OPERA walipima chembe za nyutrino zikitoka CERN, ile maabara kubwa ya fizikia kule Geneva, mpaka Gran Sasso, Italia, kama kilomita 730 hivi, wakaona zimefika nanosekunde 60 kabla ya mwanga. Magazeti ya dunia yakamzika upya Einstein, yeye aliesema hakuna kiupitacho mwanga kwa kasi. Wenyewe je? Wenyewe walisema tumepata kitu hatukielewi, tunaomba wengine watuangalizie. Mwaka uliofuata ikaonekana kuna waya wa mtambo wa saa haukukazwa sawasawa. Waya! Einstein akafukuliwa. Na 2012, tarehe 4 Julai, CERN hao hao walipotangaza ile chembe ya Higgs, ushahidi wao ulikua mzito kiasi kwamba, kama chembe haipo, uwezekano wa bahati nasibu tu kutoa ushahidi kama huo ni kama moja kwa milioni tatu na nusu, na bado siku ile walisema "tumeona chembe mpya inayoelekea kuwa Higgs". Inayoelekea! Sisi kwa mdalasini twasema imethibitishwa.

Si kwamba maneno hatuna. Tuna onyesha, ashiria, dokeza, baini, na ukiwa na haraka "yaelekea" inatosha. Thibitisha nakuruhusu daktari akipima damu akaviona vijidudu, huyo mgonjwa malaria yake imethibitishwa, andika kwa herufi kubwa ukitaka. Na mwengine wa ukoo huo huo wa thabata tumemsahau, nae ni thubutu. Huyo ndo afaae vichwa hivi vya habari, manake mwandishi hajathibitisha kitu, kathubutu tu.

Kwa hiyo mwambie admin afungue grupu, na yule bwana abandike hivi: "Utafiti uliofanywa Kwale umeonyesha ivermectin ilipunguza maambukizi mapya ya malaria kwa watoto kwa asilimia 26." Najua ni refu na haina moto. Na ivo ivo aiache.