Dodoma–Njombe kwa gari ndogo na mzee wa miaka 74: gia, breki na vituo

Mkuu, umesema unampeleka baba, ana presha na goti bovu, gari ni ndogo ya otomatiki, na unaogopa milima. Hofu yako ina msingi, ila nadhani umeielekeza kwenye kupanda wakati penye hatari ni kushuka.

Njia ni Mtera, Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe. Ni karibu kilomita 500, na ukiwa na mzee usiimalize kwa siku moja. Dodoma–Iringa ni kama kilomita 260: ondoka saa 12 asubuhi, laleni Iringa, kesho yake malizieni. Mtu mzima akikaa muda mrefu miguu inavimba, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Kila baada ya saa moja na nusu ashuke atembee dakika kumi, hata kama anasema hajachoka. Atasema hajachoka.

Wakati wa kwenda, mlima wa kuuheshimu ni Nyang'oro, ukishapita Mtera, Migoli na Izazi. Gari ikiwa kwenye D itahangaika kupanda na kushusha gia. Zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) au weka 2 itulie. Macho yawe kwenye mshale wa joto. Mshale ukianza kupanda, zima AC. Ukiendelea kupanda, fungua vioo na uwashe hita hadi mwisho: mzee atalalamika, lakini hita inanyonya joto la injini. Ukikaribia alama nyekundu, egesha na uzime. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini ipoe kabisa. Mfumo wote una mgandamizo. Ukifungua, maji ya moto yanakurukia usoni.

Sasa kurudi. Nani anatoka Njombe mikono mitupu? Gunia la viazi, parachichi, pengine na mahindi ya shangazi. Gari iliyokwenda nyepesi inarudi imelala nyuma, na Nyang'oro uliyoipanda sasa unaishuka. Weka gia ya chini KABLA ya mteremko kuanza: 2 au L, na kwenye baadhi ya gari ni S au B. Injini itanguruma, iache ingurume, ndiyo inayokushikilia. Breki usiikanyagie mfululizo. Kanyaga kwa nguvu sekunde tatu au nne hadi mwendo ushuke, kisha achia kabisa ipoe. Kushusha gari free (gia ikiwa N) ili kuokoa mafuta ni ujinga, hata kama aliyekufundisha ana leseni ya miaka 30.

Sababu ni hii. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kidogo kidogo. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unaminyika, na pedali inazama mpaka chini huku gari haishiki. Kama hujui yalibadilishwa lini, mwambie fundi ayabadilishe yote, asiongezee juu. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha na usubiri nusu saa. Usimwagie maji diski. Zinapinda au kupasuka.

Mteremko mwingine ni mfupi: ukitoka Iringa mjini kwenda Ipogolo kushika barabara kuu. Wengi hujisahau hapo kwa sababu ni mjini.

Mzee akae mbele, kiti kirudi nyuma, mto mdogo kiunoni. Kwa goti lake, asiingie kwa mguu mmoja. Afungue mlango, ageuke, akalie kiti kwanza, kisha azungushe miguu yote miwili pamoja. Tandika kitambaa cha satini ateleze bila kupinda goti, halafu kitoe kabla hamjaondoka, maana kikibaki kitamtelezesha chini ya mkanda.

Dawa za presha zikae kwenye mkoba wake, si kwenye buti. Kama miongoni mwake kuna ya kukojoza, wazee wengi huiacha siku ya safari wakiogopa choo, na wengine wanaacha hata maji. Muulize daktari wake mapema aimeze saa ngapi, na mwonyeshe mzee vituo vyenu ajue hatabanwa.

Tairi: tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi, na siku ya viazi fuata kipimo cha mzigo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Spea nayo ipimwe.

Kati ya Mafinga na Makambako ukungu unaweza kushuka ghafla kwenye misitu ya misindano. Taa ziwe za chini, kwa sababu za juu zinakurudishia weupe machoni. Na sweta la mzee lisifungwe chini ya mabegi. Mwezi wa sita na wa saba ataliulizia hata kabla hajafungua mlango.