Hedseti ya Mwanafunzi wa Urubani: Fedha Iende Wapi?

*Ukurasa wa maswali ya wasomaji*

SWALI: Naanza masomo ya leseni ya rubani binafsi hapa uwanja wa ndege wa Wilson. Chuo huazimisha hedseti, ila ni za zamani na pedi zimepasuka. Wazazi wamenitengea dola 250. Wenzangu wanasema nisinunue kitu kisichotumia betri kwa sababu nitaua masikio, nisubiri hadi zifike dola 1,000. Nifanyeje? *– Msomaji, Nairobi*

JIBU: Usisubiri. Dola 250 zinatosha kulinda masikio yako, mradi usizitumie kununua hedseti ya betri ya bei ya kutupa.

Tuanze na kelele yenyewe. Ndani ya Cessna 172 ikiwa safarini, kelele huwa kati ya desibeli 85 na 95 hivi, kutegemea umri wa ndege, hali ya mipira ya milango na nguvu ya injini. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Kwa hiyo mwanafunzi anayeruka saa moja na nusu kwa hedseti yenye pedi zilizopasuka anaweza kumaliza kiasi chake cha kelele cha siku kabla hajatua. Na ukikusudia kuendelea hadi leseni ya biashara, masikio yatapimwa. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vya cheti cha afya cha daraja la kwanza haviruhusu upungufu unaozidi desibeli 35 kwenye sauti za hezi 500, 1,000 na 2,000, wala unaozidi 50 kwenye hezi 3,000. Madhara ya kelele huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, na mtu huendelea kuzungumza na watu vizuri tu bila kujua kwamba ameanza kupoteza.

Sasa aina mbili. Hedseti ya kufunika hutegemea vikombe vizito, sponji ndani yake, na pedi zinazobana kichwa pande zote. Hedseti ya betri, ambayo marubani huiita ANR, ni hiyohiyo ya kufunika, ila ndani ya kikombe kuna maikrofoni ndogo inayosikiliza kelele na saketi inayotoa wimbi la kinyume ili kuifuta. Kazi yake kubwa ni kwenye sauti nzito. Piga hesabu: injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,400 kwa dakika ni mizunguko 40 kwa sekunde. Kila mzunguko una milipuko miwili, na pangaboi la panga mbili nalo hupiga hewa mara mbili, kwa hiyo mngurumo mkuu uko kwenye hezi 80. Hapo ndipo kikombe peke yake huwa dhaifu kabisa na ANR hufanya vizuri. Kwenye sauti nyembamba, zile zinazoanza kuharibu sikio, kikombe na pedi ndivyo vinavyofanya kazi hata kwenye hedseti ya dola 1,300.

Ndiyo maana hatupendekezi ANR ya bei ya chini kabisa. Mtengenezaji akitaka kuweka saketi na bado auze rahisi, anapunguza kikombe, pedi au maikrofoni. Unavutiwa dukani kwa sababu mngurumo unatoweka ukibonyeza kitufe, halafu baada ya saa moja hewani masikio yanavuma.

Kwa bajeti yako angalia hedseti za kufunika kama ASA HS-1A, Rugged Air RA200 au Kore KA-1. Kwa kawaida huuzwa chini ya dola 200 Marekani. Ukiweza kufika karibu dola 400, David Clark H10-13.4 ndiyo tungeichagua sisi: si nyepesi, ina karibu nusu kilo, na sura yake ya kijani haijabadilika miaka mingi, lakini kila kipuri huuzwa peke yake, kuanzia pedi na waya hadi maikrofoni na mto wa kichwani. Hedseti inayotengenezeka ni rahisi kuliko inayotupwa. Kumbuka kujumlisha usafirishaji, ushuru na VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara na Uganda. Hedseti ya dola 200 haifiki mlangoni kwa dola 200.

Kwenye boksi utaona namba ya NRR, yaani desibeli ambazo hedseti inadaiwa kupunguza, mathalani 23 au 24. Usiichukue kama ilivyo, maana hupatikana maabara kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. Kwa makadirio ya tahadhari wakaguzi wa usalama kazini Marekani hutoa 7, kisha hugawa kwa mbili: 23 inakuwa 8. Kelele ya 92 inashuka hadi 84, na hapo uko salama kwa siku nzima ya mafunzo. Tofauti ya 23 na 24 kwenye karatasi haina maana. Pedi isiyokaa vizuri inakula zaidi ya hapo.

Ukitaka kinga ya ziada, nunua vizibo vya sponji vya masikioni, vile vya viwandani, uvae chini ya hedseti. Kinga haijumlishwi, huongezeka kwa desibeli kama 5 tu, lakini kwa bei ya soda hakuna kinachoshinda hapo. Visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia hadi vivimbe. Kisha pandisha sauti ya hedseti. Redio itasikika safi zaidi kwa sababu ngurumo na maneno vimepungua pamoja, na maneno peke yake ndiyo uliyoyapandisha. Ukiwa na mafua usivitumie. Kwa kweli ukiwa na mafua usiruke.

SWALI: Hedseti yangu mpya nasikia vizuri, ila mnara wa kuongozea ndege huniambia nirudie, na mwalimu anasema mwanzo wa maneno yangu hukatika. Je, nimeuziwa mbovu? *– Msomaji, Soroti*

JIBU: Pengine si mbovu. Sogeza maikrofoni kwanza.

Maikrofoni ya hedseti ya ndege ina matundu mbele na nyuma. Kelele ya chumba huingia pande zote mbili kwa nguvu sawa na kujifuta. Sauti yako huingia zaidi upande wa mbele na kubaki. Mpango huo hufanya kazi ukiwa karibu sana tu: milimita 3 hadi 6 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya katikati ili pumzi isiipige moja kwa moja. Ukiiacha kidevuni kama wanavyofanya wengi, inakuhesabu wewe pia kuwa kelele. Hakikisha upande sahihi unatazama mdomo. Hedseti nyingi zina nukta au neno TALK upande huo. Kisponji chake kisikosekane.

Mwalimu kusikia maneno yamekatika ni jambo la intakomu, mfumo wa kuzungumziana ndani ya ndege. Intakomu nyingi hufungua maikrofoni zinapopata sauti ya kutosha, na kiwango hicho huwekwa kwa kitufe cha SQ. Kama ni cha kuzungusha, subiri injini ipandishwe kwa ajili ya ukaguzi kabla ya kuruka, nyote mnyamaze, zungusha hadi mvumo ukatike, usiendelee. Kikizidi, silabi za kwanza zinatumika kufungua mlango na hazisikiki. Mnara kukosa mwanzo wa maneno ni kingine: unaanza kusema kabla hujabonyeza kitufe cha redio. Bonyeza, hesabu nusu sekunde, ndipo useme.

Kisha plagi. Ya milimita 6.35 ni ya kusikia, nyembamba kidogo ya milimita 5.2 hivi ni ya maikrofoni. Ukisikia lakini husikiki, karibu kila mara nyembamba haijaingia hadi mwisho. Ukisikia sikio moja tu, tafuta swichi ndogo ya mono na stereo kwenye hedseti, uiweke mono. Na kama kuna mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini, badilishana kiti na mwalimu, kila mtu na hedseti yake, kabla hamjawasha injini. Tatizo likikufuata ni lako. Likibaki kwenye kiti, ni la ndege na fundi aambiwe.

SWALI: Navaa hijabu na miwani. Kila hedseti niliyojaribu inavujisha kelele na inaniumiza juu ya sikio. Je, ANR itanisaidia? *– Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Si peke yake. ANR haiponyi pedi inayovuja, na nyingine hutoa mlio wa kupasuka ndege ikitikisika kwa sababu shinikizo ndani ya kikombe linabadilika ghafla.

Kwa mtandio, tatizo ni mikunjo na pini. Vaa kofia ya ndani ya kitambaa chembamba cha kuvutika, tabaka moja tu juu ya masikio, kimekazwa bila mkunjo. Pini na mafundo yawe nyuma ya shingo. Kuna wanaovaa hedseti juu ya kofia ya ndani kisha wakafunga mtandio mpana juu ya hedseti yote. Kelele hupungua zaidi, ila uhakikishe mkono wa maikrofoni uko huru na unaweza kuivua haraka. Ukiwa na misuko minene, ipange isipite chini ya pedi wala chini ya upinde.

Kwa miwani, chagua fremu yenye mikono myembamba na iliyonyooka, na pedi za jeli badala ya sponji, maana jeli hujaza nafasi kuzunguka mkono wa miwani. Pedi za jeli huuzwa peke yake. Pima hivi: injini ikiwa inazunguka, bana vikombe kichwani kwa viganja. Kelele ikishuka wazi, kuna uvujaji. Kwa joto na jasho la pwani pedi hukakamaa. Mwaka mmoja hadi miwili zibadilishwe, na baada ya kila safari zipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo, si spiriti.

SWALI: Nina hedifoni nzuri za muziki zinazofuta kelele. Si nikipata adapta zinatosha? *– Msomaji, Mwanza*

JIBU: Kwa abiria, sawa. Kwa mwanafunzi, hapana. Zimeundwa kwa ajili ya ndani ya ndege ya abiria, vikombe vyake ni vyepesi, na betri ikiisha unabaki na kinga ndogo sana. Maikrofoni yake haikuundwa kwa mngurumo wa pangaboi. Vipo vifaa vya kuongeza mkono wa maikrofoni ya ndege kwenye baadhi ya hedifoni za Bose, lakini ukijumlisha bei ya vyote viwili umeshafika kwenye hedseti ya kweli.

SWALI: Kuna mtu anauza hedseti ya jeshi kwa bei nzuri, na nyingine ya helikopta. Nizikague vipi? *– Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ya jeshi iache. Spika zake nyingi zina ukinzani wa omu 8 hadi 19, ilhali ndege za kiraia zinataka omu 150 hadi 600, na maikrofoni yake ni ya aina nyingine kabisa. Ya helikopta hutambulika kwa plagi moja badala ya mbili. Adapta ipo, ila hakikisha hedseti yenyewe si ya ukinzani mdogo.

Kwa hedseti yoyote iliyotumika, nenda na mita ya fundi. Pima plagi nene, ncha na shina: ikisoma chini ya omu 20 ni ya jeshi, isiposoma kabisa waya umekatika. Ukiwa unapima, pinda waya karibu na plagi na pale unapoingia kikombeni. Namba ikirukaruka, umekatika ndani. Plagi nyembamba haina majibu rahisi: ncha yake ni ya kitufe cha redio, pete ya katikati ndiyo maikrofoni, na maikrofoni hiyo hula umeme mdogo unaotoka kwenye ndege. Kwa hiyo ijaribiwe ndegeni kabla hujatoa pesa.

SWALI: Betri za ANR zikiisha angani, nitapoteza redio? *– Msomaji, Dodoma*

JIBU: Kwenye hedseti iliyotengenezwa vizuri, hapana: inageuka ya kufunika, mngurumo unarudi, mawasiliano yanaendelea. Hakikisha mwenyewe kwa kuzima ukiwa bado chini. Beba betri mbili za akiba za AA mfukoni, na zilizo ndani ya hedseti uzitoe ukiiweka zaidi ya wiki mbili, kwa sababu ndani ya gari lililoanikwa juani huvuja na kula chemchemi. Tena, mwambie mwalimu siku ya zoezi la kwanza la ndege kupoteza mnyanyuko kwamba una hedseti mpya. Honi ya onyo kwenye Cessna 172 haipiti kwenye hedseti, inapiga chumbani, na ni lazima uthibitishe kwamba unaisikia.