Muulize Mama Kafe: Je, tovuti hii ya pasipoti ni ya kweli?

SWALI: Shikamoo Mama Kafe. Nauza mitumba Kisenyi, Kampala. Natafuta pasipoti, na shemeji kanitumia tovuti kwa WhatsApp. Ina nembo ya taifa, korongo na kila kitu, na inasema nikilipa 120,000 leo napata pasipoti kwa siku tatu. Anwani yake ni passports.go.ug.huduma-haraka.top. Ile alama ya kufuli kando ya anwani ipo, na go.ug nimeiona. Nimeshajaza jina, simu na namba ya kitambulisho. Nilipe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilipe.

Chukua kalamu uiandike anwani hiyo kwenye daftari, kama nilivyokuwa nikiwafanyisha wateja kafeni kwangu Busia. Tafuta mkwaju wa kwanza, alama hii /, baada ya ile https://. Kama haupo, jina linaishia pale linapoishia. Sasa lisome kinyumenyume, kutoka kulia: top, halafu huduma-haraka. Huyo ndiye mwenye nyumba. Hayo mengine, passports, go na ug, kayaandika mwenyewe mlangoni. Angetaka angeandika hata Ikulu. Ya kweli ni passports.go.ug, basi, haina mkia. Na go.ug ni ya ofisi za serikali tu.

Kufuli nalo limewaponza wengi. Linasema tu kwamba njiani, kati ya simu yako na tovuti, hakuna anayechungulia. Kama upande wa pili yuko mwizi, unaongea na mwizi faraghani. Cheti cha kufuli hata mwizi anakipata bure kwa dakika chache. Shirika la Let's Encrypt linavigawa tangu 2015. Google wenyewe waliliondoa kufuli kwenye Chrome ya kompyuta mwaka 2023, kwa sababu watu walikuwa wakilielewa vibaya.

Kisha nikaingia lookup.icann.org, panapoonyesha jina limesajiliwa lini. Hilo lako lina wiki tatu. Uganda inatoa pasipoti za kielektroniki tangu Desemba 2018!

Tazama pia pesa inakwenda wapi. Pasipoti ya kawaida ni 250,000, na unalipia kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, si kwa simu ya mtu. Hapa nina kidonda changu. Niliwahi kutuma 180,000 za vifaranga kwa tovuti nzuri ajabu. Kabla sijaweka PIN, simu ikaniandikia jina la mpokeaji: la mtu, si la shamba. Nililiona kabisa. Nikajiambia, labda ni karani wao. Vifaranga sijaviona hadi leo.

Kwa hayo uliyokwisha kujaza, tegemea simu. Mtu atakutajia jina lako lote na namba ya kitambulisho, ajiite ofisa wa uhamiaji. Usimpe PIN, wala zile tarakimu zinazoingia kwa SMS. Na shemeji mpigie leo hii, kabla hajaituma kwenye grupu la ukoo.