Mlezi wa watoto uliyejiajiri Uingereza: usikubali £27 kwa wiki

Dada, hongera sana kwa ujauzito. Umeuliza kama mlezi anayelea watoto nyumbani kwake hapa Uingereza, akiwa amejiajiri, anapata chochote akijifungua, maana shoga yako kakwambia malipo ya uzazi ni ya walioajiriwa tu. Kachanganya. Mwajiriwa hulipwa na mwajiri wake. Sisi tunaomba serikalini, inaitwa Maternity Allowance, na inakwenda hadi wiki 39. Niliichukua kwa mtoto wangu wa pili, sebule ikiwa imejaa watoto wa watu.

Kuingia si kugumu. Katika wiki 66 kabla ya wiki unayotarajia kujifungua, uwe umefanya kazi angalau wiki 26, na wiki 13 zozote uwe umeingiza £30 au zaidi.

Shughuli iko kwenye kiasi. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 kiwango kamili ni £187.18 kwa wiki, cha chini kabisa £27. Kinachokupeleka huku au kule ni bima ya taifa daraja la pili (Class 2 National Insurance, mchango wa waliojiajiri): ndani ya zile wiki 66, wiki 13 ziwe zimelipiwa. Mwenye faida ya kutosha (£6,845 kwa mwaka huo) huhesabiwa amechangia bila kutoa hata senti. Lakini sisi walezi, ukishaondoa chakula, midoli na sehemu ya umeme, faida inabaki kiduchu, na pengine hesabu za mwaka bado hujazipeleka. Ndiyo maana ukishaomba, HMRC, yaani mamlaka ya kodi, wanaweza kukuandikia barua kukupa nafasi ya kulipia mapema wiki zinazopungua. Yangu ilikuja kwenye bahasha ya kahawia kama zile zao zote, kwa hiyo fungua kila kitu. Kwa mwaka huo wa 2025/26 wiki moja ni £3.50, zote 13 hazifiki £46. Ukilipa, wiki 39 zinakupa karibu £7,300. Usipolipa, £1,053. Sijui biashara nyingine yenye faida kama hiyo!

Fomu ni MA1. Unaweza kuomba ukifikisha wiki 26 za ujauzito. Mkunga atakupa cheti cha MATB1, kinachothibitisha ujauzito na tarehe ya kujifungua. Malipo yanaweza kuanza wiki 11 kabla ya tarehe yako, na hayakatwi kodi.

Kama unapokea Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), jiandae: kila pauni ya Maternity Allowance wanaikata huko. Mie niliupata uchungu hapo kabla ya ule wenyewe. Mwajiriwa malipo yake huhesabiwa kama mshahara, hivyo hapunguziwi vyote. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Unaruhusiwa siku 10 za kazi bila kupoteza posho. Ukimpokea mtoto kwa saa moja tu, imehesabiwa siku.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii hadi warudi kazini. Kwa kanuni za England, mtoto wako mwenyewe anahesabiwa: watoto wasiozidi 6 walio chini ya miaka 8, kati yao wadogo (wa chini ya miaka 5 hivi) wasizidi 3, na mmoja tu wa chini ya mwaka. Nafasi hiyo ya kichanga kashaichukua wako. Kanuni zinaacha mwanya kwa mtoto wa mlezi mwenyewe, ila lazima uweze kuwaonyesha wazazi na Ofsted (wakaguzi wa malezi na elimu) kwamba kila mtoto anahudumiwa vizuri. Kwa hiyo zungumza na wazazi sasa, na muandikiane nani anarudi na lini. Mimi nilikubaliana nao kwa mdomo tu, na familia mbili zilihama nikiwa bado nanyonyesha.

Fomu ikikusumbua, andika hapa ni swali namba ngapi.